Mtungi wa Ukutani

Sogeeni, na anayetafuna karanga aache kwanza.

Zimwi moja lilikuwa na mikono mizito. Kila mtungi lilioushika ulivunjika. Likamteka Siwema, mchoraji, likamtia katika pango ambamo kitu kikichorwa sawasawa ukutani huwa cha kweli.

"Nichoree mtungi usiovunjika," likasema. "Ukishindwa mara tatu, nakula wewe."

Siwema akachora kwa mkaa. Zimwi likagonga: ukuta. Akachora tena, kwa mstari mnene zaidi. Zimwi likagonga: ukuta. Likaanza kujilamba midomo.

Siwema akakitazama kichwa cha zimwi, lililoketi kando ya moto uliowaka pangoni. Upande wa moto kiling'aa, upande wa pili kilikuwa cheusi, na katikati giza liliingia polepole. Kumbe ndiyo maana kinaonekana mviringo!

Akaupaka mtungi mkaa upande ulioupa moto kisogo, akaufifisha kwa kidole kuelekea kwenye mwanga. Mdomo akaujaza weusi. Mtungi ukatoa tumbo.

"Una kina gani?" zimwi likauliza.

"Chungulia mwenyewe, bwana mkubwa."

Likaingiza kichwa, likaingiza mabega, likaingia lote. Siwema akafuta kivuli kwa pindo la kanga. Tumbo la mtungi likanywea, ukabaki mstari mtupu ukutani, na zimwi halikuwa na pa kutokea.

Basi, tafuneni karanga zenu.