Mkono Uliotangulia Miguu

Hapo zamani, magari yalipoheshimiwa kuliko miguu, mji wa Kiwandeni ulikuwa na daraja kongwe la chuma. Mtu kulikanyaga ni siku moja tu kwa mwaka, siku ya sherehe ya mji. Hapo magari yalizuiwa na wanawake wakashindana kuvuka. Wa kwanza kugusa nguzo ya ng'ambo alitaja jina, na daraja likaitwa kwa jina hilo hadi sherehe ijayo.

Mwaka huo Bi Tatu alijitosa na magoti yake mabovu. Mumewe, Sudi, alianguka mtoni akilikarabati daraja, na maiti haikuonekana. Bi Tatu hana kaburi la kuzuru.

"Nitavuka, hata kwa kutambaa," akasema. "Daraja litaitwa Sudi."

"Nilisikie jina hilo kila niendapo sokoni?" akajibu Chausiku, aliyekuwa mke mwenziwe hadi Sudi alipompa talaka. Mji mzima unajua kwa nini, lakini hayo tuyaache. "Litaitwa Kijakazi. Mama yangu aliwapikia uji mafundi wote wa daraja, nani anamkumbuka?"

Msimu, muuza kanga, alikuwa anajipaka wanja. "Mimi nataka langu. Aibu iko wapi?"

Ngoma ikalia. Msimu akatangulia, Chausiku akafuata, Bi Tatu mwisho. Katikati ya daraja magoti yakagoma. Bi Tatu akaanguka, akaanza kutambaa kama alivyoahidi, na umati wa watazamaji unakuja nyuma yake.

Chausiku akageuka, akarudi. "Panda mgongoni. Usinishukuru, sijakusamehe ile talaka."

"Wala sijakuomba," akasema Bi Tatu, akapanda.

Bi Tatu akawa anateleza. Msimu, aliyebakiza hatua moja kuifikia nguzo, akatazama nyuma. Akarudi mbio, akavua kanga yake mpya, akamfunga Bi Tatu mgongoni mwa Chausiku kama mtoto mchanga.

Wakaenda hivyo, mmoja anahema, mmoja anaelekeza njia, Msimu kashika ncha ya kanga. Walipofika, Bi Tatu akanyoosha mkono juu ya bega la Chausiku, akagusa nguzo.

"Sudi," akasema.

"Umeletwa kama furushi," akasema Chausiku. "Miguu ni yangu. Kijakazi."

"Nguzo nilibakiza hatua moja kuifikia, nikaiacha kwa ajili yenu," akasema Msimu. "Bila kanga yangu mngekuwa bado kule mnazozana. Msimu."

Mpiga mbiu anangoja jina moja. Bi Tatu hakubali kushuka mgongoni mpaka litajwe, na Chausiku hagusi fundo la kanga.

Haya, nyinyi mnaojua mambo ya kila nyumba, mpiga mbiu atangaze lipi: Sudi, Kijakazi, au Msimu?