Rahisi kwa Nani

Wewe uliyekaa karibu na kizingiti, futa hilo tabasamu. Unajisemea moyoni kwamba fisi hauzi mikeka. Umemuuliza? Ukienda sokoni unatazama uso wa anayekuuzia, au unatazama mzigo tu? Basi nyamaza, ujibu pamoja na wenzako.

Kulikuwa!

— Kuwe.

Kukawa!

— Tukae tusikie.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na vibanda sokoni na watu walipokuwa na haya, aliishi mwanamke jina lake Kidawa. Alikuwa na chungu cha wali na chungu cha mchuzi, na hakuwahi kusikia chungu cha tatu kikimwita. Tabia yake moja iliwachosha wauzaji: hanunui kitu mpaka akigeuze. Ndizi aligeuza, kikapu aligeuza, kuku aligeuza miguu juu. Angekuwa na nguvu, angemgeuza na muuzaji.

Huyu Kidawa alikuwa na binti, Mize. Siku moja ikaletwa habari kwamba kesho baada ya Alasiri watu watakuja kumposa Mize, na anayewaongoza ni mama wa kijana, Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi huyo, akiingia nyumbani kwa mtu, macho yake hufagia sakafu kabla ya salamu. Na mkeka wa Kidawa, mmoja tu aliokuwa nao, ulikuwa umetoboka katikati.

Mize akalia. "Mama, nikimkosa mume kwa tundu la mkeka, sitakusamehe."

Kidawa akachukua kikapu akaenda sokoni.

Kibanda cha Fisi kilikuwa kimejaa mikeka hadi kwenye makuti. Mji mzima ulinunua kwake. Mkeka wa kulalia, mkeka wa kukalia, mkeka wa kuanikia mpunga, na mwingine wa kuufunika ule wa kuanikia. Ukifumuka wanautupa, wanarudi kwa mwingine. Watu walikuwa na mikeka mpaka wakakosa sakafu ya kuitandika.

"Karibu, Bi Kidawa," akasema Fisi. "Mikeka yangu rahisi."

Kidawa akachukua mmoja, akaugeuza. Nyuma, katikati ya ukili, palikuwa na nyoya dogo la manjano limesukiwa humo humo, na shina lake lina damu.

"Rahisi kwa nani?"

Fisi akacheka. Huyo hucheka kwa kila jambo. "Kwako wewe mnunuzi. Unamtaka nani tena?"

Kidawa akaurudisha mkeka. Haja ya mkeka alikuwa nayo vilevile, lakini lile nyoya lilikuwa limemkaa kichwani kama unyasi kwenye jino. Akazunguka nyuma ya kibanda, akamkuta Punda aliyeleta mzigo.

"Punda, mikeka hii rahisi?"

"Rahisi kwa nani?" akasema Punda. "Kwangu si rahisi. Tazama mgongo." Mgongo ulikuwa umechunika. Akamweleza kwamba chakula chake ni mikeka iliyofumuka, na kwamba akitaka kujua zaidi asimuulize mbebaji, aende kule anakopakia, kwenye ghala nyuma ya mashamba ya mihogo.

Kidawa akaenda. Jua linakwenda, wageni wanakuja, mkeka hana, naye anakwenda.

Ndani ya ghala alikuta ndege kwera, wale mafundi wa viota, wamejaa kila mahali, wanasuka ukili kwa midomo. Hakuna aliyeimba. Pembeni palikuwa na tenga limefunikwa, juu yake jiwe, na ndani ya tenga sauti nyembamba nyembamba.

"Kwera, mikeka hii rahisi?"

"Rahisi kwa nani?" wakasema kwera. "Kwetu si rahisi. Waliomo tengani ni makinda yetu. Fisi alisema tusuke mpaka atosheke, ndipo ayaachie. Nani amewahi kumwona fisi aliyetosheka?"

Hawajanyamaza vizuri, Fisi huyo mlangoni, anahema. Alikuwa amemfuata.

"Bi Kidawa, tusiharibiane. Nitakupunguzia."

"Utapunguza cha nani?"

"Nitapunguza tena. Nusu."

"Nusu ya nani?"

"Basi chukua bure," akasema Fisi. "Ule mpana, wenye rangi. Uukalishe ugeni wako, mimi na wewe hatujaonana."

Msiseme Kidawa hakusita. Alisita. Aliona tundu la mkeka wake, akaona macho ya Bi Mwanaidi, akamwona Mize analia. Kisha akasikia tena zile sauti tengani.

"Bure kwa nani?"

Safari hii Fisi hakucheka. Alitazama pembeni. Kidawa akalisukuma jiwe kwa mguu, tenga likafunuka. Kila kwera akambeba wake, wakatoka kwa mlango, wakatoka kwa dirisha, na Fisi akaruka huku, akaruka kule, akaambulia manyoya.

Kidawa akarudi nyumbani mikono mitupu. Mize akakitazama kikapu kitupu, akaenda kulala. Asubuhi mama akatoa kipande cha gunia, akakitia kiraka kwenye mkeka, akaufua, akauanika.

Baada ya Alasiri wageni wakaingia. Macho ya Bi Mwanaidi yakafagia sakafu yakafika kwenye kiraka, yakakaa hapo.

"Mwenzangu, hukupita sokoni? Kuna Fisi anauza mikeka rahisi."

"Nilipita," akasema Kidawa. Akamsimulia yote, la nyoya, la Punda, la tenga. Mize akajifunika uso kwa kanga.

Bi Mwanaidi akakizungusha kikombe cha kahawa aliyoandaliwa. "Kwangu mikeka yake imejaa hadi uvunguni," akasema. "Na ina manyoya. Nilidhani ni ya kuku wangu."

Halafu akasema, "Binti tumemchukua. Ya mahari watazungumza wanaume."

Funzo nalisema hapa hapa, maana mwisho una haraka. Kabla hujanunua, kigeuze kitu uone nyuma yake, na uulize nani amelipa kile ulichopunguziwa. Ukiwa na chako nyumbani, kaa nacho. Kiraka hakimuumi mtu. Funzo hili nimelitoa bure, na hakuna aliyeumia ila koo langu.

Kulikuwa, kukawa, kumekwisha, kasoro kipande hiki kidogo. Wageni wangali wamekaa, Fisi akapita njiani na mikeka yake iliyobaki, ananadi bei ya kutupa. Bi Mwanaidi akakiweka kikombe chini. Akajifunga kanga kiunoni, akamwomba Kidawa asiimwage kahawa yake, atairudia akishamgeuza muuzaji huyo. Akatoka, akaufunga mlango.