Kwa Nini Kimya Hakihesabiwi Kuwa Ndiyo

Kulikuwa na wakati ambapo lugha yetu ya kuandikia programu za kompyuta, Ukili, ilibadilishwa kwa kunyamaza tu. Mkishangaa, shangaeni, lakini ndivyo tulivyoishi. Aliyetaka neno jipya liongezwe, au la zamani liondolewe, aliandika pendekezo kwenye ukurasa wetu. Siku saba zikipita bila mtu kupinga, limepita. Tulijiona werevu sana. Hakukuwa na mikutano wala kununiana, na mimi niliyekuwa mtunza mapendekezo nilikunywa chai yangu ikiwa bado moto.

Siku hizo akaja Salmini, fundi wa programu kutoka Tanga, mchapakazi asiyependa takataka. Alikuta ndani ya Ukili neno kuukuu, arifu, lililotuma ujumbe kwenye simu za zamani. Lilikuwa limetuchosha sote, maana kila tulipotoa toleo jipya lilikuwa la kwanza kuharibika. Akapendekeza liondolewe. "Kuna anayelitumia bado?" aliandika. Siku saba, hakuna aliyejibu. Nikaandika kwamba limepita, tukalifuta, na nikampongeza.

Kumbe neno lilikuwa na mtu. Nesi Nyamizi, wa zahanati ya Mwalubilo, alikuwa na programu aliyoandikiwa na mpwa wake, iliyowakumbusha kina mama siku za chanjo kwa ujumbe wa simu. Wiki ile sisi tunahesabu kimya, mvua ilikuwa imeangusha mnara wa simu kijijini kwao. Mtandao uliporudi, kompyuta yake ilipakua toleo letu jipya yenyewe, na programu ikaacha kutuma. Nyamizi hakujua. Alipoona kina mama hawaji, alidhani wako shambani, maana ulikuwa msimu wa palizi.

Kisha surua ikaingia. Watoto tisa waliokosa chanjo wakaugua. Wanane walipona vizuri. Wa tisa, Limi, binti wa mwaka mmoja, alipona lakini masikio yake hayakupona. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na sitaki mtu aniambie halikuwa kosa langu.

Yule mpwa ndiye aliyegundua kilichotokea, akatuandikia. Mimi na Salmini tukapanda basi, na barabara ilipoishia tukatembea. Nilimweleza Nyamizi kila kitu, nikamwomba radhi. Alisikiliza hadi mwisho huku akipanga kadi za kliniki.

"Kwa hiyo mliuliza, dada?"

"Tuliuliza. Siku saba nzima, kwenye ukurasa wetu."

"Mimi ukurasa huo siujui. Mimi ni nesi." Akaweka kadi chini. "Ila hapa mmefika leo, na hamkupotea njia."

 Nilikwenda kwa mama yake Limi, nikakaa naye. Salmini alibaki zahanati siku nne. Aliitengeneza ile programu upya, halafu akachukua daftari la Nyamizi na kuwapigia simu kina mama mmoja mmoja, akijitambulisha kila mara kwamba yeye ndiye aliyeliondoa lile neno.

Toka siku hiyo, kimya kwetu ni kimya tu. Hakuna neno linalotoka ndani ya Ukili mpaka anayetaka litoke awatafute watu watatu wanaolitumia, awasikilize, na alete maneno yao pamoja na majina yao. Akisema hawapo, tunamjibu kwamba hajawatafuta vya kutosha. Hatumkatalii. Pendekezo lake linakaa palepale, likimsubiri.

Ndiyo maana leo mkifungua ukurasa wetu, swali la kwanza haliulizi mnataka kubadili nini. Linauliza mmeongea na nani. Wengi wakifika hapo hunung'unika kidogo, hufunga kompyuta, kisha huenda kutafuta viatu vyao.