Hotuba ya Kumuaga Afisa

Ndugu zangu, kuna mkuu mmoja wa ofisi ya ustawi wa jamii aliyekuwa na swali lililomnyima raha: kwa nini maafisa wangu wa watoto hawakai? Ndani ya miaka miwili walishaondoka sita. Akadhani ni mshahara, kumbe huko waendako wanalipwa vilevile. Akadhani ni umbali wa vijiji, akaomba pikipiki, ikaletwa. Wakaendelea kuondoka. Wewe ungedhani nini?

Ila alikuwa na desturi nzuri. Afisa akiaga, ofisi inampikia pilau, inamvisha kitenge, na mkuu anatoa hotuba.

Siku moja akawa anaaga dada aliyekuwa na miaka minne kazini. Dada huyu alikuwa akimsimamia msichana wa miaka saba, aliyetolewa kwenye nyumba alikokuwa akipigwa. Mtoto alikaa miezi mitatu bila kusema neno. Alipoanza kusema, alisema na dada huyu tu.

Mkuu akasimama, akayaeleza yote, mpaka zile safari kumi na moja ambazo dada alikwenda kukaa tu na mtoto mkekani, kimya. Watu wakapiga makofi. Dada akaanza kulia.

"Vipi tena, binti yangu?"

"Mkuu, kumbe ulikuwa unajua?"

"Tangu mwanzo. Ripoti zako zote nilizisoma."

"Mimi nilidhani hazisomwi. Kila nikirudi unaniuliza fomu tu. Ningeyasikia haya mwezi wa tatu, nisingeandika ile barua ya kuacha kazi."

"Basi baki."

"Nimeshasaini kwingine, naanza Jumatatu. Na mtoto nilimuaga jana. Amerudi kunyamaza."

Jamani, mimi kinachonishangaza si kwamba mkuu alikosa maneno mazuri. Alikuwa nayo miaka yote minne! Alikuwa anasubiri nini? Na sisi tunasubiri nini, kwa mke, kwa kijana wa kazi, kwa muuguzi wa zahanati yetu?

Maana leo baada ya ibada tunamuaga mwalimu wa watoto wetu. Hotuba yake ninayo hapa mfukoni, kurasa tatu. Nilipokuwa naiandika nikajiuliza, katika miaka tisa, ni lini nilimwambia hata sentensi moja kati ya hizi? Nimetafuta, sikuipata. Mwalimu, nakuona hapo nyuma. Nisamehe.