Fundi Shekuwe na Masinia Matatu

Hapo zamani, enyi mliokwisha kukaa na ninyi mnaosukumana bado, palikuwa na mpishi. Nasema mpishi, sisemi mtu anayejua kupika. Wanaojua kupika wamejaa kila nyumba, hata mimi wali wa kujaza tumbo nauweza. Nasema mpishi wa harusi, mwenye sufuria ya kubebwa na wanaume wanne. Jina lake Fundi Shekuwe.

Fundi Shekuwe hakupima kitu. Bizari alitia kwa kiganja, iliki kwa vidole vitatu, na chumvi aliitia baada ya kuitazama nyama kama anayeisikiliza inavyolalamika. Mchele ukishaingia, hakufunua. Aliinama, akatega sikio kwenye mfuniko, akasema, "Bado unasema." Akangoja. Akainama tena, akasema, "Sasa umenyamaza." Hapo akapalia makaa juu ya mfuniko, akajifuta jasho, akaenda zake kivulini. Sufuria ikifunuliwa, kila punje imesimama peke yake, haikumwegemea mwenzake. Watu waliahirisha ndoa kwa ajili yake. Bwana harusi ana haraka, bibi harusi ana haraka zaidi, lakini wazee wanasema, "Fundi hajapata nafasi," na ndoa inangoja mwezi mzima.

Mwenyewe hakuoa. Akiulizwa, alijibu, "Nimeoa sufuria, na wivu wake mnaujua."

Alikuwa na majivuno, tena nayapenda majivuno yake, kwa sababu alikuwa na cha kujivunia. Na jambo alilolisimulia kila alipokwenda lilikuwa harusi yake ya kwanza, mjini Chamvini, alipokuwa kijana asiyejulikana. "Chamvini," alisema, "sufuria yangu ilirudi tupu! Hata ukoko walikwangua. Mimi mpishi nikalala njaa, na sijapata kulala kwa furaha kama siku ile." Kila mji uliisikia habari ya sufuria ya Chamvini. Wengine waliijua kwa moyo, wakawa wanamsaidia kuimaliza.

Basi, miaka arobaini ya moshi si mchezo. Macho yakaanza kumfifia. Kwanza hakuona vizuri bizari, halafu hakuona vizuri kitunguu kimefika kahawia au bado, halafu siku moja akamsalimia mbuzi kwa heshima zote. Akajua wakati umefika. Akasema, "Natua mwiko. Sasa natafuta mji wa kuzeekea."

Mnadhani ni rahisi? Mtu ambaye maisha yake yote amelala kwenye harusi za watu, kwao ni wapi?

Akafikiri siku nyingi. Mwisho akatuma salamu kwenye miji mitatu: Ukutani, Chamvini na Mbarikani. Aliwaita njia panda, mahali barabara za miji hiyo zinapokutana, baada ya sala ya adhuhuri. Akasema, "Nitawapikia pilau yangu ya mwisho. Kila mji ulete sinia moja na watu watatu wa kulila. Mtu wa nne nitakuwa mimi, kwenye sinia moja tu. Nitakapokaa kula, hapo ndipo nitakapokaa siku zangu zilizobaki."

Wageni wa mbali wajue kwamba katika miji hiyo sinia ni la watu wanne. Sinia lenye pengo haliguswi. Hata kama njaa imewakaba, watatu hungoja wa nne afike, au hunyanyuka wote na kunawa bila kula. Na wajue pia kwamba mpishi wa harusi hali kwenye sinia. Mpishi hula mwisho, amechutama kando ya sufuria, kile kilichobaki. Kwa hiyo Fundi Shekuwe, aliyelisha masinia yasiyohesabika, hakuwahi kukaa kwenye sinia hata siku moja. Hilo ndilo alilolitaka uzeeni. Hakutaka kasri. Alitaka nafasi ya nne.

Siku ikafika, akapika. Na mimi nasema, kama kuna aliyewahi kupika hivyo akiwa haoni vizuri, nionyesheni. Wali ukapakuliwa, masinia matatu yakatandazwa, na kila sinia watu watatu wakalizunguka. Kila moja lilikuwa na pengo.

Fundi akasimama katikati. "Ndugu zangu, nitawaambia jambo ili msije mkasema niliwaficha. Macho yangu yanazimika. Mwakani sitaona. Atakayenichukua asidhani anachukua mpishi, anachukua mtu wa kushikwa mkono hadi msalani. Sasa semeni."

Wa kwanza kusema alikuwa Mwinyihija wa Ukutani, mdogo wake Fundi, baba mmoja mama mmoja.

"Kaka," alisema, "kitovu chako kimezikwa Ukutani. Marehemu baba alikufukuza kwa sababu ulishika mwiko badala ya jembe. Alikosea, Mungu amrehemu. Lakini chumbani mwako hajalala mtu. Kila kabla ya masika naezeka paa lako kwanza, halafu langu. Mwaka jana makuti hayakutosha, tukavujiwa sisi, chumba chako kikawa kikavu. Macho yakizimika, kaka, utakitembea chumba hicho bila fimbo, maana mlango uko ulipouacha na kitanda kiko ulipokiacha. Kaa kwetu. Nafasi ni yako."

Fundi akasema, "Mwinyihija, Ukutani mmeoa na kuozesha miaka arobaini. Mbona hamkuniita hata harusi moja? Harusi yako mwenyewe alipika nani?"

Mwinyihija akainamisha kichwa. "Alipika mtu, kaka. Tukala. Hatukukuita kwa sababu tuliona aibu. Tulikufukuza kwa ajili ya mwiko, tungekuitaje uje na mwiko? Kila mwaka nilisema mwakani nitakwenda. Nilijua kuezeka paa, sikujua kuja kuomba radhi. Basi leo nimekuja."

Watu wa Ukutani wakasema, "Amesema kweli." Na wali unafuka moshi.

Wa pili alikuwa Mzee Mkwanda wa Chamvini. Yeye ndiye aliyekuwa bwana harusi siku ile ya sufuria kurudi tupu. Sasa alikuwa mzee mwenye wajukuu, lakini kifua mbele, kilemba kimepigwa kikakaa.

"Fundi," alisema, "sisi ndio tuliokufanya uitwe fundi. Kabla ya Chamvini ulikuwa kijana mwenye mwiko wa kuazima. Baada ya Chamvini, miji ilikugombania. Unapoingia kwetu, watu husimama. Macho yakizimika, utashikwa mkono na mji mzima, tena watashindania mkono wako. Kaa kwetu. Nafasi ni yako."

Fundi akatabasamu. "Naam, Chamvini! Sufuria yangu ilirudi tupu."

Mzee Mkwanda akamtazama, akalitazama sinia lake lenye pengo, akamtazama Mwinyihija mwenye machozi. Akaona Fundi ataondoka na nduguye. Ndipo akasema jambo ambalo Chamvini walikuwa wameapa kutolisema.

"Fundi, ile pilau iliungua."

Fundi akageuka kumtazama.

"Iliungua, Fundi. Ulikuwa na mafua siku ile, pua imeziba, hukusikia harufu. Ulipopakua, baba yangu alionja akajua. Akamnong'oneza wa kando yake: kijana huyu ni harusi yake ya kwanza, akiaibika leo hatashika mwiko tena. Ileni yote. Neno likapita kutoka sinia hadi sinia. Wageni wa upande wa mke wangu waliponusa na kukunja uso, tukawaambia, 'Kwani hamjui? Pilau ya Chamvini hutiwa moshi.' Tukala, Fundi. Tukala hadi ukoko, na ukoko ule ulikuwa mkaa mtupu. Tulikwangua ili usibakiziwe wewe ukaonja. Mji mzima ulikunywa maji usiku kucha. Na kwa miaka arobaini hakuna mtoto, hakuna mlevi, hakuna mwanamke aliyegombana na mumewe, aliyelitoa neno hilo nje ya Chamvini."

Jamani, mtu akiambiwa hivyo afanye nini? Fundi Shekuwe aliona haya mpaka masikio. Akakumbuka mara zote alizoisimulia habari ile, na wale waliomsaidia kuimaliza. Akasema taratibu, "Mlinifichia miaka arobaini. Mbona umenitolea leo, mbele ya miji mitatu?"

"Kwa sababu leo naona unatuacha," alisema Mzee Mkwanda. "Nisingesema hata kwa upanga. Nimekosa, najua. Lakini mji uliokupenda hivyo, kweli uondoke bila kuujua?"

Watu wa Chamvini wengine waliinamisha vichwa kwa kuwa siri imetoka, na wengine waliinua videvu kwa kuwa sasa inajulikana. Mimi, ningekuwa wa Chamvini, ningeinua kidevu.

Wa tatu alikuwa mwanamke, Bi Mwanamtama wa Mbarikani. Mbarikani ni mji mdogo, watu wake wa mihogo, hawakuwahi kuwa na uwezo wa kumwita Fundi Shekuwe. Wanawe watatu walikuwa wamelizunguka sinia, yeye amesimama nyuma yao na kanga yake ya kazi.

"Mimi maneno sina," alisema. "Mwaka ule wa homa nilikukuta umeanguka njiani, karibu na shamba langu. Sikukujua. Nikakulaza nyumbani kwangu, nikakuuliza jina, ukaugeuzia ukuta uso. Nikakuita Mgeni. Siku arobaini nilikulisha uji kwa kijiko, na wanangu hawa walikubeba kukutoa juani na kukurudisha kivulini. Ukapona, alfajiri moja nikakuta kitanda kitupu. Hukuaga. Nikasema, basi, amepata nguvu, alhamdulillahi. Jina lako nimelijua juzi, mjumbe wako alipopiga hodi. Nikasema, kumbe! Sisi hatujaonja pilau yako, Fundi. Kwetu hujaleta sifa wala hatukukupa. Macho yakizimika, tutakushika kama tulivyokushika. Kaa kwetu, nafasi ni yako. Na usipokaa, mimi nimefurahi. Nilikuja kuona kama unatembea."

Fundi akasema, na hapa hakuficha, "Bi Mwanamtama, niliondoka bila kuaga kwa sababu niliona aibu. Mimi nalisha miji, nawezaje kulishwa kwa kijiko? Nilisema, hawa wasijue kamwe kwamba mtu huyu mchafu kitandani ni Fundi Shekuwe. Kwenu hamjaniona nimesimama. Nikikaa kwenu, nitakuwa Mgeni tu, si Fundi."

"Utakuwa Mgeni," alijibu Bi Mwanamtama. "Jina hilo nilikupa mimi. Baya?"



Mwinyihija akaona mambo yanageuka, akasema, "Kaka, hawa wamekutunza siku arobaini. Mimi nimetunza chumba chako miaka arobaini!"

Mzee Mkwanda akasema, "Ulitunza paa, bwana! Mwenye paa alikuwa anatembea juani. Sisi tulilitunza jina lake."

Mwinyihija akamgeukia. "Jina mlilolitunza umelivunja sasa hivi kwa mdomo wako. Mama huyu je, aliyemtunza asiyemjua jina?"

"Mama huyu," akasema Mzee Mkwanda, "angemuokota hata mtu mwingine yeyote!"

"Ndiyo," akasema Bi Mwanamtama. "Ningemuokota."

Hapo kila mmoja akajua kwamba mwenzake naye amesema kweli.

Fundi Shekuwe akaomba maji, akanawa mikono. Akajifuta machozi kwa mgongo wa kiganja. Kisha akanyoosha mgongo, akasimama kama alivyokuwa akisimama mbele ya sufuria ujanani, na watu wakamwona jinsi alivyo mtu mzima mwenye heshima zake. Akasema, "Nilidhani leo natafuta pa kukaa. Sikujua kwamba nilikwisha kaa mara tatu. Mungu hakunipa mke wala mtoto, lakini tazameni watu wanaonigombania nikiwa kipofu! Nani mwingine anayo bahati hii?"

Akavua viatu, akapiga hatua.

Watu tisa wamezunguka masinia matatu, wamekwisha kunawa mikono, hakuna anayegusa. Atakapokaa, watatu watakula naye. Sita watanyanyuka na njaa yao, wabebe sinia lisiloguswa, warudi kwao wakawaambie watu kwamba hakukaa.

Haya, nimemaliza yangu, na mimi hapa ndipo wanaponifukuzaga. Ukutani walinifukuza, Chamvini walinifukuza, Mbarikani walinipa muhogo wa kuchemsha wakaniambia niende salama. Sasa ni zamu yenu. Wewe mama uliyekaa karibu na mlango, nawe bwana unayejifanya umesinzia, jibuni. Mtu akizeeka na macho yakamwisha, anastahili kuwa wa nani: aliyemwekea chumba bila kumfuata, aliyemfichia aibu yake kisha akaitoa ili asimkose, au aliyemwokota bila kumjua na ambaye angemwokota yeyote? Je, Fundi Shekuwe akae sinia lipi?

Semeni upesi, wali unapoa.