Majani ya Tulipu

Sogeeni motoni, wajukuu zangu, na anayetafuna amalize kwanza. Kimya.

Kule milimani kwenye baridi, Namsifu alifiwa na mama yake, akalia hadi zimwi la msituni likamwonea huruma. Likampa vitunguu vya ua liitwalo tulipu.

"Panda, binti. Ua likichanua, utamsikia mama. Maua kata upendavyo, ila majani yaache yakauke yenyewe, ndiyo yanayolisha kitunguu."

Akapanda. Yakachanua maua membamba yenye ncha zilizochongoka, na ndani sauti ileile: "Namsifu, umekula?" Akayakata, akayaweka mezani, nyumba nzima ikamwita mwanangu, mwanangu.

Maua yakaisha, majani yakalala chini, manjano. Wifi yake akapita. "Wifi, ng'ombe analia njaa zizini, nawe unafuga majani?" Namsifu akaendelea na kazi zake. Wifi akapita tena, akasema yaleyale. Alipopita mara ya tatu na majirani, wakacheka, Namsifu akaona aibu, akashika mundu, akafyeka yote, akamtupia ng'ombe.

Msimu uliofuata hakikuota kitu. Alipochimbua, vitunguu vimesinyaa. Akaliita zimwi, akalia.

"Mama nilikurudishia mara moja, binti," likajibu kwa upole. "Mwingine sina."

Basi ng'ombe akarithi shibe ya siku moja, wifi akarithi la kusimulia kisimani, na Namsifu akarithi bustani safi, haina hata jani.