Mhunzi Aliyekataa Kunoa Mapanga

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watu wenye njaa. Paukwa, nimesema!

— Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Hapo zamani za kale, nyanya yangu hajazaliwa na mama yake bado anabebwa mgongoni, palikuwa na kijiji. Jina lake sikuambiwa, nami siwatungii.

Kijiji kile kilikuwa na watu wa namna tatu. Walikuwapo Waislamu, na msikiti wao wa udongo kando ya kijito. Walikuwapo Wakristo, na kanisa lao la makuti kule mwinukoni. Tena walikuwapo watu wa mila, waliotambikia wazee wao waliotangulia ndani ya kichaka ambacho hakuna aliyethubutu kukata kuni humo. Kisima kilikuwa kimoja, wote wakichota hapo. Walisalimiana, wakauliziana habari za mahindi, wakaenda zao. Mambo ya imani hawakuulizana. Kila mmoja alidhani anayajua ya mwenzake.

Katika kijiji hicho aliishi mzee mmoja, Kitsao. Kitsao alikuwa mhunzi. Vuu, vuu, vuu, mivukuto. Ko! Ko! Ko! nyundo. Majembe yote ya kijiji yalitoka mkononi mwake. Lakini miaka arobaini ya ko-ko-ko ilimharibia masikio. Ukimwambia neno, anakutegea sikio la kulia, anakunja uso.

"Ati nini?"

Unarudia.

"Ati nini?"

Unarudia tena, polepole, neno moja moja, mpaka wewe mwenyewe unayasikia unayoyasema. Wengine walichoka naye. Wengine walimcheka. Mzee Kitsao hakuona haya. Asipoelewa, anasema sijaelewa.

Basi, asubuhi moja, Maalim Shee, mkuu wa msikiti, aliingia msikitini akakuta msala wake haupo. Msala aliousalia tangu ujana wake! Akatazama huku, akatazama kule. Haupo.

Asubuhi hiyo hiyo, Mwalimu Filemoni wa kanisani alinyoosha mkono achukue kengele ya kuwaitia watu. Mkono ukashika hewa.

Na Mzee Ngowa, mlinzi wa kichaka cha tambiko, alikwenda kumwagia wazee maji. Kibuyu cha tambiko hakikuwapo. Alikaa chini, akashika kichwa.

Nani kachukua? Watu wa msikitini walisema, "Ni wale wa kichakani, hawatupendi." Wa kichakani wakasema, "Ni wa kanisani, siku zote wanasema kibuyu chetu kichomwe." Wa kanisani wakasema, "Ni wa msikitini, kengele yetu inawaudhi." Wakatafuta nyayo. Nyayo zilikuwapo, ndogo, za miguu mitupu, zikaenda mpaka kisimani. Na kisimani kuna nyayo za kijiji kizima! Kila mtu akaona nyayo alizotaka kuziona.

Jua halijafika utosini, wakaanza kuja kwa Mzee Kitsao.

Wa kwanza kijana mmoja wa kanisani. "Shikamoo babu. Ninolee panga."

"Marahaba. Liweke hapo."

Wa pili wa msikitini. "Ninolee panga, babu."

"Liweke hapo."

Wa tatu wa kichakani, na wa nne, na wa tano. Mzee Kitsao akavuta mivukuto, vuu, vuu, macho yake yakahesabu. Mapanga kumi na saba! Akatoka nje, akatazama mashamba. Mahindi yalikuwa yanafika magotini. Hakuna kichaka cha kufyeka. Hakuna cha kukata. Akarudi ndani, akatazama vijana, akatazama mapanga. Hakuelewa.

Kisha akaelewa.

Alichukua mtungi wa maji akaumimina wote kwenye moto. Tssssss! Kiwanda kikajaa moshi mweupe. Vijana wakakohoa.

"Babu, unafanya nini?"

"Leo sinoi," alisema. "Mapanga yenu yatabaki hapa. Niitieni wakubwa wenu watatu. Kuna jambo silielewi, na sinoi chuma kwa jambo nisilolielewa."

Wakaja. Maalim Shee aliingia ametuna. Mwalimu Filemoni aliingia amefumba mdomo. Mzee Ngowa aliingia, akageukia ukuta. Mzee Kitsao aliwakalisha kwenye gogo moja, kwa sababu gogo lilikuwa moja tu.

"Maalim, niambie."

"Hawa wametuibia!" Maalim alifoka.

"Ati nini?"

"Wametuibia! Msala wa msikitini!"

"Sisikii. Filemoni, wewe masikio yako mazima. Amesema nini?"

Mwalimu Filemoni akashangaa. "Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Niambie alichosema, nisikie."

Filemoni akameza mate. "Amesema… amesema msala wao umeibwa." Akamgeukia Maalim. "Msala wenu umeibwa?"

"Kana kwamba hujui!"

"Sijui! Sisi ndio tulioibiwa. Kengele yetu haipo!"

"Ati nini?" alisema Mzee Kitsao. "Ngowa, amesema nini huyu?"

Mzee Ngowa akageuka kutoka ukutani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepotea njia. "Amesema kengele yao imeibwa. Lakini haiwezekani. Aliyeibiwa ni mimi. Kibuyu cha wazee wetu kimechukuliwa."

Wakatazamana. Tangu alfajiri walikuwa wakipigiana kelele kutoka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mwenzake naye ameibiwa.

"Mwizi gani huyu?" Maalim aliuliza polepole. "Msala, kengele na kibuyu. Atavifanyia nini?"

"Mkristo hachukui kibuyu," alisema Filemoni.

"Na wa kwetu hana kazi na kengele," alisema Ngowa.

"Mimi pia sielewi," alisema Mzee Kitsao. "Basi tukae hivi hivi, hatuelewi, mpaka tuelewe."

Wakakaa. Kwa mara ya kwanza siku ile kijiji kilitulia. Na katika kimya kile Mzee Ngowa akainua kidole.

"Sikilizeni."

Nge… nge… nge.

Ndogo sana. Kama mbuzi aliyefungwa kengele mbali.

"Mnasikia nini?" aliuliza Mzee Kitsao, ambaye hakusikia chochote.

"Kengele yangu!" alisema Filemoni.

Wakatoka. Filemoni mbele, Maalim nyuma yake, Ngowa, Mzee Kitsao na fimbo yake, na vijana wote. Nge… nge. Wakapita kisima. Nge… nge. Wakafika kwenye nyumba ya mwisho, nyumba ya Nyevu.

Niwaambie Nyevu ni nani. Alikuwa mjane aliyetoka mbali. Baba yake alikuwa Mwislamu. Mama yake alikuwa wa mila. Mumewe, aliyekuwa amefariki, alikuwa Mkristo. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Dama, wa miaka minne.

Walimkuta Nyevu ameketi chini. Dama alikuwa amelala juu ya msala wa Maalim, macho yamefumba, midomo imepasuka kwa homa. Kibuyu cha tambiko kilikuwa kichwani pake. Kengele ilikuwa mkononi mwa mama yake, naye akiitikisa taratibu, nge… nge, kama mtu asiyejua tena anafanya nini.

Kijana mmoja akaruka mbele. "Mwizi! Ndiye huyu!"

"Ati nini?" alisema Mzee Kitsao.

"Mwizi," alisema kijana, sauti imepungua.

"Ati nini?"

Kijana alimtazama Dama. Akarudi nyuma ya wenzake.

Nyevu hakukimbia. "Ni mimi," alisema. "Siku sita anaungua. Sikujua nibishe mlango gani. Kwetu ni wapi? Msikitini hawanijui. Kanisani walinijua mume wangu alipokuwa hai. Kichakani sijafundishwa. Nikasema nichukue kitu kila mahali, huenda mmoja akasikia. Lakini sijui kuvitumia. Nimeitikisa hii kengele tangu asubuhi. Sijui, jamani. Sijui."

"Siku sita?" alisema Maalim Shee. "Mbona hatukuambiwa? Tulidhani ni mtu wenu, Mwalimu."

"Sisi tulidhani ni wenu," alisema Filemoni.

Mzee Ngowa alifunika uso kwa kiganja. "Nami nilidhani ni wenu nyote wawili."

Mzee Kitsao hakuuliza ati nini. Hayo aliyasikia.

"Mtoto ana kiu," alisema. "Nani analeta maji?"

Maalim Shee akauchukua mtungi yeye mwenyewe, akaenda kisimani. Mke wa Filemoni, Mama Rebeka, akaja na uji. Mzee Ngowa akaenda kuchuma majani ya kuchemsha. Kisha ikaja shida ya dua. Maalim akasema hawezi kuomba mbele ya kibuyu. Ngowa akasema kibuyu kikishawekwa hakiondolewi ovyo. Filemoni akasema hajui aanze vipi mbele ya watu wanaomtazama hivyo. Sauti zikaanza kupanda tena.

"Mlango ni mmoja," alisema Mzee Kitsao. "Mmoja aingie, aombe kama ajuavyo. Wawili wakae nje, wafukuze kuku, wanyamazishe watu. Akitoka, anaingia mwingine."

Wakafanya hivyo. Maalim alipoomba, kibuyu kimefunikwa kwa kanga, Ngowa alisimama mlangoni akawanyamazisha wapita njia. Ngowa alipotambika, Filemoni alifukuza kuku. Filemoni alipoomba, Maalim ndiye aliyeshika pazia. Kila mmoja, nje pale, alisikia maneno ya mwenzake kwa mara ya kwanza maishani. Hawakuyakubali yote. Mengine hayakuwaelea. Lakini walisikia kila mmoja akilitaja jina la Dama.

Siku ya tatu Dama alifumbua macho akasema, "Mama, nataka muhogo."

Weee! Vigelegele! Kijiji kizima kikacheza!

Mnadhani yaliisha?

— Yaliisha!

Hayakuisha. Vigelegele havijakauka, mtu akasema, "Mmeona dua ya Maalim?" Mwingine akasema, "Dua gani? Mwalimu ndiye aliyemwombea mwisho." Mwingine, "Nyamazeni, ni wazee wa kichakani!" Watu wakashikana kanzu, wakashikana kola. Mzee Kitsao alisimama katikati, anageuka huku, anageuka kule, amechanganyikiwa kama mtu aliyeamshwa ghafla. Machozi yakamtoka. Akamshika Nyevu mkono.

"Mwanangu, mimi nimeshindwa. Waambie wewe. Nani kamponya mtoto wako?"

Watu wakamgeukia Nyevu.

"Sijui, baba," alisema Nyevu. "Nilikaa naye siku zote hizi, na sijui. Msala, kengele na kibuyu, vyote nilikuwa navyo ndani, na mtoto akazidi kuungua. Ninachojua ni kwamba Mama Rebeka alimshika kichwa akitapika, na matapishi yakamwagikia kifuani, hakuondoka. Ninajua Maalim alichota maji kwa mikono yake, wanawake wakamcheka kisimani, akaenda tena. Mzee Ngowa alileta majani mara tatu, kwa sababu mara mbili sufuria ilipinduka. Na ninajua kwamba siku sita kabla ya hapo hakuja mtu."

Mkono ulioshika kanzu ukaachia. Uliokuwa kwenye kola ukashuka. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu na aibu yake.

Msala ulirudi msikitini, kengele kanisani, kibuyu kichakani. Mapanga hayakutoka kwa mhunzi mpaka msimu wa kufyeka. Na wale wazee watatu wakawa wanakutana kwenye gogo la Mzee Kitsao, wanabishana mambo ya Mungu na ya wazee waliotangulia, na kila mmoja akitaka kujibu analazimishwa kwanza kuyasema ya mwenzake mpaka mwenyewe akubali, "Ndivyo." Hawakukubaliana mpaka wanakufa. Lakini mtu akiugua katika kijiji kile, hakuna aliyeuliza tena huyu ni wa nani. Walikwenda.

Basi nawe, kabla hujamhukumu mwenzio, rudia kwanza alichosema, yeye mwenyewe akiri kwamba umemsikia. Na ukimwona mgonjwa, usingoje kujua ni wa dini gani ndipo uchote maji.

Hadithi yangu imefika ilipokuwa inakwenda, hapa nimeitua. Aliyeisikia, kesho amwamkie jirani yake.